Glenda Schofield na Mashine ya Mawingu

Saa tano na nusu asubuhi, viazi vikiwa bado havijachemka, kisigara cha umeme cha Glenda Schofield kilimulika taa nyekundu mara tatu kikazimika. Glenda alikuwa nyuma ya jiko la shule, nje kabisa ya geti kama sheria inavyotaka, kofia ya wavu kichwani na aproni kiunoni, na alikuwa amevuta mara mbili tu. Akakitikisa. Akakipuliza. Akakipiga pajani kama anamfunza mtoto adabu.

"Umekufa tena?" akakiuliza. "Jana ulijikaza mpaka saa sita. Leo hata saa sita hukuingoja."

Akarudi ndani kwenye viazi vyake, uso ameukunja, na wasaidizi wake jikoni wakaelewa kwamba siku hiyo si ya kuuliza maswali.

Glenda alikuwa na miaka sitini na miwili, mwanamke wa mifupa mipana na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Mchana aliwapikia watoto wa shule ya msingi ya Thornclough. Jumanne na Alhamisi jioni alipiga tarumbeta. Kijiji kile kilikuwa kimebakiwa na vitu viwili tangu enzi za viwanda vya pamba: dohani moja ndefu isiyotoa tena moshi, na bendi ya matarumbeta ambayo haijawahi kunyamaza hata mwaka mmoja. Glenda aliingizwa kwenye bendi hiyo akiwa na miaka kumi na mmoja, akapewa tarumbeta la besi, lile kubwa kuliko yote, linalokaa mapajani kama mtoto aliyekataa kushuka. Hakulichagua. Mwalimu wa wakati ule aliwatazama watoto waliojipanga, akamwona huyu msichana aliyewapita wavulana kimo, akasema, "Wewe utaweza kulibeba." Basi. Miaka hamsini na moja baadaye alikuwa angali akilibeba.

Sigara nazo zilikuja mapema. Alianza akiwa na miaka kumi na sita. Akavuta harusini, akavuta matangani, akavuta akisubiri basi na akavuta baada ya kulikosa. Mpaka jioni moja, miaka mitatu nyuma, bendi ikiwa katikati ya wimbo wa taratibu wa kanisani, ikafika nota ndefu ya chini, ile inayobeba wimbo mzima mgongoni, na pumzi ya Glenda ikaisha njiani. Nota ikakatika kama kamba mbovu. Judith Entwistle, kiongozi wa bendi, alimtazama tu, fimbo yake ikiendelea kupanda na kushuka. Mtazamo ule Glenda alikwenda nao nyumbani, akalala nao, akaamka nao, na kulipokucha akaenda zahanati. Nesi akampa kisigara cha umeme chembamba kama kalamu, na maji yake yenye ladha ya mnanaa, akamwambia avute kidogo kidogo mdomoni kama alivyozoea. Tangu siku hiyo hakugusa tena sigara ya moto. Neville, mumewe, alipenda kuwaambia majirani kwamba sasa hivi ndani ya nyumba yake mkate ukiungua mtu anasikia harufu.

Tatizo ni kwamba kisigara kile kilikuwa kimezeeka, na Glenda alikuwa mtu wa kukisogelea mara kwa mara. Chaji ya asubuhi haikufika tena mchana.

"Kitupe hicho kijiti," Clive Buckley alimwambia jioni ile kwenye mazoezi. Clive alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, sasa amestaafu, na kwa miaka thelathini kiti chake kilikuwa ubavuni mwa kiti cha Glenda, besi na besi. "Unakinyonya kama mtu anayetafuta tone la mwisho la soda."

"Mdomo wangu unakuhusu nini?"

"Unanihusu, bibie, maana ukikosa moshi wewe, roho inayotolewa ni yangu. Wiki iliyopita umeniita ng'ombe mara nne kabla ya mapumziko."

"Mara tatu. Ile ya nne nilikuwa namwambia mpiga ngoma."

Clive akacheka, akamvuta nje uani, akatoa mashine yake mfukoni. Hiyo ilikuwa mashine hasa: saizi ya tofali dogo, kioo mbele kinawaka namba, kitangi cha maji juu yake kama taa ya mnara. Akavuta pumzi ndefu, kifua kikapanda, kisha akaachia. Glenda hakuuona uso wake tena. Wingu jeupe lilitoka, likajikunja, likapanda ukuta wa ukumbi mpaka dirishani, na ndani mtu akasikika akiuliza nani ameacha birika jikoni.

"Betri mbili," sauti ya Clive ikasema kutoka ndani ya wingu. "Inakaa siku nzima. Siku nzima, Glenda!"

Usiku Glenda alikuwa na mazungumzo marefu na dari. Betri lilikuwa jambo moja, na lilikuwa la kweli. Ila lile wingu nalo lilimkaa rohoni, na hakuwa tayari kulikiri hata kwa dari. Maisha yake yote amekaa mstari wa nyuma. Wapiga kornet, yale matarumbeta madogo ya mbele, huinuka, watu wakawapigia makofi. Besi hakuna anayeiona, watu husikia tu kwamba sakafu inatetemeka. Hata lile tarumbeta kubwa halikuwa lake, lilikuwa mali ya bendi, lina namba ubavuni. Wingu kama lile lingekuwa lake.

Jumamosi akaenda dukani kwa Shafqat. Duka lilikuwa barabara kuu, kati ya kinyozi na muuza samaki na chipsi. Shafqat alikuwa kijana wa hapo hapo, babu yake aliletwa na viwanda vya pamba kutoka mji wa mbali wa Mirpur, na yeye mwenyewe alilelewa kwa chakula cha Glenda shuleni. Kwa hiyo hakuthubutu kumdanganya.

"Karibu, anti. Maji ya mnanaa?"

"Leo nimekuja kuona mashine. Kubwa."

Shafqat akainua nyusi. Akamtolea tatu, akazipanga kwenye meza ya kioo. Ya katikati ilikuwa nyekundu, nyekundu ya gari la zimamoto, na Glenda hakuziangalia tena hizo nyingine.

"Kwanza nikuulize, anti, usinikasirikie. Unataka betri inayodumu, au unataka mvuke mwingi?"

"Kwani havikai pamoja?"

"Vinakaa. Ila ukitaka kimoja, si lazima ununue vyote viwili. Hii haivutwi mdomoni kama ulivyozoea. Hii unaivuta moja kwa moja mpaka kifuani, kama unapovuta pumzi ya kupigia tarumbeta. Na inakunywa maji, ee! Chupa inayokutosha wiki, hii inaimaliza siku mbili. Maji yenyewe lazima yawe mepesi, ukiweka haya yako makali utaona nyota mchana."

"Wewe unauza au unafukuza wateja?"

"Nauza, anti. Ila wewe uliwahi kunipa pudini mara ya pili wakati Mwalimu Mkuu ameshakataza. Kafikirie kwanza. Nyekundu haikimbii."

Glenda akatoka. Akafika kwa muuza samaki, akarudi, akaitazama mashine nyekundu dirishani. Akaenda mpaka kwa kinyozi, akarudi tena. Mara ya tatu Shafqat akampungia mkono kutoka ndani, na Glenda akajifanya alikuwa akitazama bei ya chaja.

Clive ndiye aliyekata shauri. Alikuwa na mashine yake ya zamani, nyeusi, iliyolala kabatini. Akaisafisha, akaiwekea koili mpya ya kuchemshia maji na mdomo mpya, akaijaza maji mepesi ya ladha ya kastadi, ule mchuzi mtamu wa maziwa na mayai, akamletea Glenda mlangoni imefungwa kwenye karatasi ya mkate.

"Kaa nayo mpaka mashindano yapite," akasema. "Ukiipenda, kanunue yako. Usipoipenda, nirudishie, na usiniite ng'ombe."

Mashindano hayo yalikuwa ya Ijumaa baada ya Pentekoste, siku kumi zijazo. Siku hiyo bendi zote za mabondeni huzunguka kijiji hadi kijiji. Kila mahali hupita barabarani zikipiga, kisha husimama zikapiga wimbo mmoja mbele ya jaji, halafu mbio kwenda kijiji kinachofuata. Kwa Thornclough, Krismasi ilikuwa sikukuu ndogo ukiilinganisha na Ijumaa hiyo.

Glenda alivuta mara ya kwanza uani kwake, kando ya kamba ya nguo. Alivuta kama alivyozoea kisha akakumbuka, akavuta tena kwa kifua. Kilichofuata ni kikohozi kilichomwinamisha mpaka akajishika kwenye shuka lililoanikwa, shuka likamshukia kichwani, na Neville akatoka akamkuta mkewe ni mzimu unaokohoa.

"Nimpigie daktari au padri?" Neville akauliza.

"Nipigie kimya."

Lakini kufikia Jumatatu alikuwa ameshaizoea. Na kusema kweli, aliipenda. Mashine ilifika jioni ikiwa na nusu ya chaji. Akisimama nje ya geti la shule aliachia wingu moja tu, na wingu hilo likavuka barabara polepole kama mtu mwenye haki zake. Mwenye duka la maua ng'ambo akamwambia, "Glenda, leo umetoka kama gari moshi!" Glenda akavimba kichwa mpaka saa nane.

Mengine hakuyapenda sana. Ilikuwa nzito kama kopo la maharagwe, na koti lake likaanza kuning'inia upande mmoja. Chupa ya maji aliyoinunua Jumatatu iliisha Jumatano. Nyumbani, Neville alikuwa na kazi yake ya jioni, kuunganisha vipande vya picha mezani, safari hii picha ya milima yenye anga kubwa. Jioni ya tatu akaweka miwani chini.

"Mke wangu, nina vipande mia mbili vya mawingu hapa. Sijui vipi ni vyangu na vipi ni vyako."

"Fungua dirisha."

"Nimelifungua. Jirani amelifunga lake."

Pia kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Akiwa na kile kisigara chembamba alivuta, akatosheka, akakirudisha mfukoni. Hii mashine ilimfanya atake kuona wingu, na akishaliona, atake kuona lingine. Kazi ya kwanza ya kitu chenyewe, kumtuliza, ilikuwa imewekwa nyuma.

Ijumaa ikafika na jua lake, jambo ambalo katika mabonde yale husimuliwa mwaka mzima. Bendi ya Thornclough ikavaa makoti yake ya zambarau yenye vifungo vya dhahabu, ikapanda basi la kukodi, ikapiga katika vijiji viwili vya kwanza bila ajali. Saa kumi na moja jioni wakafika Uppershaw. Msimamizi akawapanga kwenye kichochoro chenye kuta za mawe, wangoje zamu. Mbele yao, uwanjani, waliokuwa wakipiga ni Bendi ya Harrop, watani wao wa jadi kutoka ng'ambo ya kilima. Mambo ya Thornclough na Harrop yalianza zamani kwa ugomvi wa ngoma iliyoazimwa, na hakuna aliyekuwa hai anayejua nani hakuirudisha.

"Glenda," Judith Entwistle akasema akipita akikagua makoti. "Una nini mfukoni? Utadhani umeficha mkate."

"Leso, mwalimu."

"Leso ya chuma?"

Judith akaendelea na ukaguzi. Harrop walikuwa wakipiga vizuri. Vizuri mno. Wimbo wa Thornclough ulikuwa na sehemu ndefu ya besi katikati, pale ambapo kornet hunyamaza na besi nne hutembea peke yake, na Glenda akaanza kuihesabia pumzi. Akajisogeza pembeni, mgongo kwenye ukuta, akaitoa mashine, akavuta pumzi ya kuzima mishumaa ya kanisa zima. Akaachia juu ya ukuta, kwa adabu, ili asiwafukize wenzake. Akavuta ya pili. Akaachia.

Nyuma ya ukuta ule, futi nne tu kutoka alipo, paliegeshwa trela. Ndani ya trela alifungiwa jaji.

Desturi iko hivyo: jaji hukaa ndani, mapazia yameshushwa, asijue ni bendi gani inayopiga, anasikia tu na kuandika. Jioni ile kulikuwa na joto, na jaji, mzee mmoja mdogo aliyeitwa Percival Lumb, alikuwa amefungua kidirisha cha juu. Upepo ukalikuta wingu la Glenda, ukalichukua lote, ukaliingiza kwa kidirisha kama mtu anayejaza mto pamba. Kisha ukalichukua la pili.

Mlango wa trela ukapigwa teke.

"Moto!" Bwana Lumb akatoka mbio, leso puani, karatasi zikimfuata hewani. "Kuna moto! Okoeni ala! Okoeni tromboni!"

Uwanja mzima ukasimama. Bendi ya Harrop, iliyokuwa imebakiza mistari minane, ikaporomoka nota moja moja, ya mwisho ikiwa ya tromboni iliyoteremka yenyewe mpaka chini. Jaji akasimama katikati ya uwanja akiwatazama Harrop uso kwa uso, na jina lao limeandikwa kwenye ngoma kubwa kwa herufi ambazo hata kipofu angeshtuka. Akageuka upande wa pili, akaiona Thornclough nzima ikichungulia juu ya ukuta. Msimamizi akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Hujuma!" akapaza sauti mpiga besi wa Harrop, jamaa mnene mwenye ndevu nyekundu aliyeitwa Gordon Tweedale. "Hawa ni Thornclough! Mtawajua kwa matendo yao!"

"Nani ana moto?" msimamizi akauliza. "Nani amewasha nini?"

Judith Entwistle akaiangalia bendi yake mmoja mmoja, na alipofika mstari wa nyuma ule mtazamo wa miaka mitatu iliyopita ukarudi kama haukuwahi kuondoka. Glenda alihisi mashine ikimchoma mfukoni ingawa ilikuwa baridi. Angeweza kunyamaza. Wingu halina jina ubavuni. Lakini Harrop walikuwa wamepiga vizuri, na mtu hakati wimbo wa mwenzake halafu akatazama viatu.

Akalikabidhi tarumbeta lake kwa jirani, akazunguka ukuta, akaingia uwanjani peke yake na koti lake la kuning'inia.

"Ni mimi," akasema. Sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Si moto, ni sigara ya umeme. Sikujua trela iko pale. Mnisamehe Harrop, mlikuwa mnapiga vizuri. Mnisamehe na wewe, bwana jaji."

"Na mashine ni yangu!" sauti ikatoka nyuma. Clive alikuwa akija mbio kwa miguu ya mtu aliyeshuka mapaa miaka arobaini. "Nilimpa mimi. Yeye alikuwa na kijiti tu!"

Bwana Lumb akashusha leso. Akanusa hewani, mara moja, mara mbili.

"Mama," akasema, "hiyo ni kastadi?"

"Ndiyo, bwana. Kastadi na vanila."

"Ahaa." Mzee akashusha pumzi. "Maana nilipofumba macho mle ndani nikajiona niko jikoni kwa bibi yangu. Nikajua basi, nimekufa, na bibi amekuja kunipokea. Ndiyo maana nikakimbia."

Mtu mmoja akacheka, akafuata mwingine, na Gordon Tweedale mwenyewe akawa anajitahidi kushika hasira yake huku ndevu zikimcheza. Kicheko kiliposhuka, msimamizi akatoa uamuzi: jaji arudi ndani, kidirisha kifungwe, bendi nyingine zote zipige kwanza. Harrop na Thornclough watapiga mwisho kabisa, na watakaotangulia watajulikana kwa kura ya siri, ili jaji asijue nani ni nani.

Maana yake ni kungoja saa moja na nusu, na kijiji cha nne kuwapita. Judith alimwendea Glenda taratibu. Glenda akajiandaa.

"Leso ya chuma," Judith akasema.

"Nisamehe, mwalimu."

"Nimeongoza bendi hii miaka kumi na minane, na sijawahi kuona besi wangu akitembea mbele ya umati wote kama ulivyofanya sasa hivi. Ingekuwa kwa sababu nyingine ningefurahi." Akageuka kwenda, kisha akarudi. "Nenda kakae. Na ukivuta hicho kitu tena leo, nitakupa ile pembetatu ya chuma ugonge."

Glenda akaifungia mashine ndani ya sanduku la tarumbeta, na ufunguo akampa Clive. Saa moja na nusu bila kuvuta! Dakika kumi za kwanza vidole vyake vilitafuta mfuko wenyewe. Akala peremende. Akala nyingine. Bendi mbili zilikuwa zimeketi kwenye uwanja mmoja wa nyasi, kila moja ikijifanya haimwoni mwenzake, mpaka Gordon Tweedale alipokuja na sahani ya karatasi yenye pai la nyama na njegere, akaketi karibu na Glenda kwa kishindo.

"Umenikatia wimbo wangu mistari minane, mama."

"Najua."

"Na pale mstari wa nne kabla hujaniua, nilikosea. Nota mbili nzima. Jaji alikuwa ameshaandika, nilisikia kalamu." Akamsogezea sahani. "Kula. Sasa nitaipiga upya."

Glenda akaangua kicheko cha kutetemesha sahani. Wakala pai pamoja, wakazungumza habari za mgongo kuuma, za makoti yanayobana, za jinsi watu wa kornet wanavyojiona. Glenda akashtuka dakika arobaini zimepita.

Kura iliwaweka Thornclough wa kwanza. Walipiga jua likiwa limeegemea kilima, na ilipofika ile sehemu ya katikati kornet zikanyamaza, besi nne zikatembea peke yake. Glenda alivuta pumzi. Ilishuka mpaka chini kabisa, ikakaa, ikatosha. Nota yake ya mwisho ikashika mawe ya ukuta na watu waliokaa juu ya ukuta wakainua makalio. Clive alimtupia jicho bila kutoa mdomo kwenye tarumbeta, na jicho lile lilisema mengi ambayo Clive asingeyasema kwa mdomo.

Matokeo yalikuja kwa simu asubuhi iliyofuata, Judith akipiga nyumba hadi nyumba. Kati ya bendi ishirini na sita za Uppershaw, Thornclough wa saba. Harrop wa sita.

"Nota mbili zile," Glenda alimwambia Neville akikata simu. "Angebaki nazo tungewashinda." Lakini alikuwa anatabasamu, na chai yake ikapoa mkononi.

Kabla ya saa nne alikuwa mlangoni kwa Clive na mashine nyeusi, imesafishwa, imefungwa katika karatasi ya mkate.

"Hukuipenda?"

"Niliipenda mno, ndiyo shida. Nilitaka kitu cha kunituliza, ukanipa kitu cha kutazamwa."

"Kwa hiyo unarudi kwenye kijiti?"

"Ng'ombe wewe," Glenda akasema kwa upendo, akaondoka.

Dukani kwa Shafqat habari zilikuwa zimeshafika. Zilifika kabla ya muuza maziwa. Kijana alikuwa amejibana midomo kwa nguvu zote.

"Cheka tu," Glenda akamwambia. "Utapasuka."

Shafqat akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia kioo. Kisha akauliza lile swali lake tena, betri au mvuke, na safari hii Glenda alikuwa na jibu.

"Betri. Wingu sitaki."

Akamletea kitu kilichozidi kile kisigara chake kwa unene wa kidole. Kinavutwa mdomoni vile vile, maji yale yale ya mnanaa, ila betri yake ni mara mbili. Kilikuwa cha kijivu. Glenda akakipima kiganjani, akakiingiza mfuko wa koti, akatazama koti kwenye kioo. Halikuning'inia.

"Chekundu kipo?"

"Nyekundu zimekwisha, anti. Nina kijivu, nyeusi na zambarau."

"Zambarau. Nitalingana na bendi."

Alikuwa akilipa pauni zake ishirini na tano wakati kengele ya mlango ilipolia, akaingia mtu mnene mwenye ndevu nyekundu, akaelekea moja kwa moja kwenye meza ya kioo bila kuangalia pembeni.

"Kijana," Gordon Tweedale akasema, "kuna mashine imemtoa jaji ndani ya trela jana. Inaitwaje? Nami naitaka."

Shafqat akamtazama Glenda. Glenda akaweka mfukoni chenji yake, akavuta viti viwili vilivyokuwa kando ya meza, akaketi kimoja.

"Kaa hapa, mzee," akamwambia Gordon. "Kwanza nikuulize, usinikasirikie. Unataka betri, au unataka mvuke?"